Uvimbe wa Shingo na Tiba Isiyo ya Kisu: Nani Atafikiwa Kwanza Katika Nyanda Zetu?

Katika vigango vyetu vingi, kuanzia Makete kunakoamka ndani ya ukungu hadi Manda kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, mtu mwenye jicho la kutazama huwaona akina mama wanaojifunga mtandio shingoni hata wakati wa jua kali. Wapo wanaojikinga na upepo wa milimani. Wapo pia wanaoficha. Chini ya mtandio huo kuna uvimbe ulioanza ukiwa kama punje ya harage, ukakua hadi kufikia ukubwa wa yai, na ambao mwenyewe amekwisha kuambiwa mengi juu yake: kwamba amerogwa, kwamba ni mkosi wa ukoo, kwamba ukiguswa na kisu utageuka kuwa saratani, au kwamba akipasuliwa atapoteza sauti wala hataimba tena kwaya. Basi hukaa kimya, na miaka hupita.

Kila tarehe 25 Mei dunia huadhimisha Siku ya Thairoidi, yaani tezi ile ndogo yenye umbo la kipepeo iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya dundumio. Siku hiyo hupita kimyakimya kwetu, ingawa ni vigumu kuitaja sehemu ya Tanzania inayohusika nayo kuliko nyanda hizi. Katika miongo mitatu iliyopita tiba ya uvimbe wa tezi hiyo imebadilika kwa namna ambayo wengi wetu hatujaisikia. Uvimbe usio wa saratani, ambao zamani ulikuwa na njia mbili tu, ama kuvumiliwa ama kukatwa, sasa mara nyingi waweza kupunguzwa kwa sindano, mgonjwa akiwa macho na shingo yake imetiwa ganzi, kisha akarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Makala hii inakusudia kueleza tiba hiyo ni nini, inamfaa nani na haimfai nani. Baada ya hapo itauliza swali ambalo hakuna mashine iwezayo kulijibu: je, maendeleo haya ni kwa ajili ya nani? Maoni yetu ni kwamba ile sehemu ya tiba hii iliyo nafuu kuliko zote inaweza kutolewa katika hospitali za nyanda zetu mapema kuliko tunavyodhani. Hata hivyo, hatua ya kwanza si kununua mashine. Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mama yule mwenye mtandio anapimwa.

Rovu katika historia yetu

Rovu halikuja katika Nyanda za Juu Kusini kwa uchawi wala kwa laana. Mvua za karne nyingi zimeosha udongo wa milima yetu na kuondoa humo madini joto, ambayo tezi ya shingo huyahitaji ili kutengeneza homoni zake. Udongo ukiyakosa, mazao huyakosa, na maji ya chemchemi vilevile. Tezi iliyonyimwa malighafi hujitahidi kufanya kazi kwa kujitanua, kama mkulima mwenye shamba lisilo na rutuba anayelazimika kulima eneo kubwa zaidi ili apate gunia lilelile. Kujitanua huko ndiko rovu. Mahali ambapo muhogo huliwa bila kuondolewa sumu yake ipasavyo, hali huzidi kuwa mbaya, kama watafiti walivyoona katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu huko Kongo.

Mwaka 1965 daktari Michael Latham, aliyefanya kazi ya lishe katika Wizara ya Afya ya nchi yetu na baadaye kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alichapisha matokeo ya uchunguzi wa rovu katika Ukinga, yaani Makete ya leo. Hivyo basi jambo hili limejulikana kitaalamu kwa zaidi ya nusu karne. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilianzishwa mwaka 1973, na katika miaka ya 1980 uchunguzi uliofanyika nchini ulionyesha kwamba takribani asilimia 25 ya watoto wa shule waliopimwa walikuwa na rovu, na kwamba karibu Watanzania wanne kati ya kumi waliishi katika maeneo yenye upungufu wa madini joto. Madhara yake hayakuishia shingoni. Mama mjamzito aliyekosa madini joto aliweza kuharibikiwa na mimba, au kuzaa mtoto mwenye uziwi na akili iliyodumaa maisha yake yote.

Kilichofuata ni moja ya kazi njema za afya ya jamii ambazo nchi hii imewahi kuzifanya. Tangu mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na wasomaji wetu wenye umri wa kutosha huenda wanakumbuka walivyovimeza wakiwa shuleni au kliniki. Katika miaka ya 1990 kuweka madini joto katika chumvi kukawa lazima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004, uliopima watoto wa shule zaidi ya 140,000, ulikuta kiwango cha rovu kimeshuka hadi asilimia 7, na takribani asilimia 84 ya kaya zikitumia chumvi yenye madini joto. Mwaka 2009 wanauchumi Field, Robles na Torero walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto wa Tanzania ambao mama zao walikingwa kwa vidonge hivyo wakati wa ujauzito walisoma, kwa wastani, kati ya theluthi moja na nusu ya mwaka zaidi ya wenzao, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana. Kidonge kidogo kiliongeza darasa katika maisha ya mtoto.

Lakini hapa kuna jambo linalosahaulika. Chumvi hukinga, haiyeyushi vinundu vilivyokwisha kuota. Mama mwenye umri wa miaka 55 leo alizaliwa, akakua, akaolewa na pengine akazaa watoto wa kwanza kabla ya chumvi hiyo kufika dukani kijijini kwake. Tezi yake ilijengwa katika njaa ya madini joto, na vinundu vilivyoanza wakati ule vimeendelea kukua. Kizazi kilichochelewa kukingwa ndicho kizazi kinachohitaji tiba sasa. Ndiyo sababu hatuwezi kusema kwamba suala la rovu lilimalizwa na chumvi.

Kuna jambo la pili lililoonekana katika nchi jirani. Miaka ya 1990, chumvi yenye madini joto ilipoenea Zimbabwe na katika Kivu, madaktari walikuta baadhi ya watu wazima wenye rovu la miaka mingi wakianza kukonda, mikono ikitetemeka na moyo kwenda mbio. Vinundu vyao vilivyozoea uhaba vilipopata madini joto ya kutosha vilizalisha homoni kupita kiasi. Hii si sababu ya kuiacha chumvi hiyo, kwa kuwa faida yake kwa watoto na mama wajawazito ni kubwa mno kulinganisha na madhara hayo. Ni sababu ya kumpima damu kila mwenye rovu la zamani.

Kwanza kujua ni nini

Uvimbe wa tezi ya shingo hauna sura moja. Tezi nzima yaweza kuvimba sawasawa. Yaweza kuota kinundu kimoja kigumu, au vinundu vingi mithili ya kichane cha zabibu. Kinundu chaweza pia kuwa na maji ndani yake, nacho huitwa kifuko cha maji. Kifuko hicho huweza kuvimba ghafla kwa siku chache pale damu inapovuja ndani yake, na kumtia mtu hofu kubwa.

Vinundu ni jambo la kawaida kuliko tunavyofikiri. Hata katika nchi zisizo na upungufu wa madini joto, wanawake wapatao watano kati ya mia moja wana kinundu kinachoweza kuguswa kwa vidole, na wanaume ni pungufu ya hapo. Kipimo cha altrasaundi hugundua vingi zaidi, ambavyo wenyewe hawakuwa na habari navyo. Idadi kubwa ya vinundu hivyo si saratani: kwa makadirio yanayotumiwa na madaktari, saratani hupatikana katika vinundu 7 hadi 15 kati ya 100 vinavyochunguzwa. Maana yake ni mbili, na zote zina uzito. Mwenye kinundu asikate tamaa, kwa kuwa uwezekano mkubwa ni kwamba hana saratani. Vilevile asijipe uhakika bila kupimwa, kwa kuwa wachache miongoni mwao wanayo.

Upimaji sahihi una ngazi tatu. Ya kwanza ni kipimo cha damu kinachoonyesha kama tezi inafanya kazi kwa kiasi, kupita kiasi au chini ya kiasi. Ya pili ni altrasaundi ya shingo, ambayo humwonyesha daktari kama ndani ya uvimbe kuna maji au nyama, mipaka yake ikoje, na kama kuna dalili za kutiliwa shaka. Ya tatu, pale inapohitajika, ni kunyonya chembechembe kwa sindano nyembamba na kuzipeleka kwa mtaalamu wa patholojia azitazame kwa hadubini. Sindano hiyo haisambazi saratani, na maumivu yake hayazidi sana yale ya kutolewa damu mkononi.

Zipo dalili zisizopaswa kusubiri hata mwezi mmoja: uvimbe unaokua haraka, ulio mgumu kama jiwe au usiosogea unapoguswa, sauti iliyokwaruza na haitengemai, matezi mengine yanayojitokeza pembeni mwa shingo, shida ya kumeza au kupumua, na uvimbe kwa mtu ambaye ndugu yake wa karibu aliwahi kuugua saratani ya tezi hii. Mwenye lolote kati ya hayo asiende kwa mganga wa kienyeji kwanza.

Sindano, ethanoli na joto

Sasa tuje kwenye tiba yenyewe. Kwa zaidi ya karne moja tiba kuu ya rovu kubwa imekuwa upasuaji, na aliyeufanya uwe salama ni Theodor Kocher wa Bern, nchini Uswisi, nchi ya milima iliyoteswa na rovu kama ilivyoteswa ya kwetu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Lakini Kocher mwenyewe ndiye aliyetambua, mwaka 1883, kwamba wagonjwa walioondolewa tezi nzima walibadilika baadaye: walivimba mwili, wakawa wazito wa akili na mwendo. Alijifunza kwa uchungu kwamba tezi hii haiondolewi bila gharama. Leo gharama hiyo hulipwa kwa kidonge cha homoni kila siku hadi mwisho wa maisha. Kwa mkazi wa mjini kidonge hicho ni usumbufu mdogo. Kwa mama wa kijiji cha Ludewa, ambaye duka la dawa lililo karibu naye huenda halina kidonge hicho, ni mzigo wa kila mwezi.

Upasuaji una hatari nyingine mbili ambazo mgonjwa ana haki ya kuzijua. Nyuma ya tezi hupita mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, na ukijeruhiwa sauti hukwaruza au hupotea. Kandokando ya tezi pia kuna tezi ndogo nne zinazosimamia kiasi cha kalsiamu mwilini. Zikiharibika mgonjwa hupata ganzi na mikakamao. Katika mikono ya daktari bingwa aliyezoea, madhara ya kudumu ni machache. Hata hivyo, kama uvimbe si saratani na tezi iliyobaki ni nzima, ni halali kuuliza: kuna haja gani ya kuondoa kizima ili kupunguza kibovu?

Swali hilo ndilo lililozaa tiba mpya, nazo ni za aina mbili.

Aina ya kwanza ni kwa ajili ya vifuko vya maji. Zamani daktari alivuta maji kwa sindano na kumwacha mgonjwa aende. Tatizo ni kwamba maji hayo mara nyingi hurudi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari walianza kufanya jambo rahisi sana: baada ya kuvuta maji, wakiongozwa na picha ya altrasaundi, huingiza ndani ya kifuko kiasi kidogo cha ethanoli safi, yaani ile spiriti halisi iliyotengenezwa kwa matumizi ya hospitali. Ethanoli huunguza utando wa ndani unaotoa maji, kuta za kifuko hunata na kusinyaa, na uvimbe hupungua kwa miezi inayofuata. Wengine huhitaji kurudiwa mara moja au mbili. Maumivu ni ya muda mfupi, na hutokea hasa ethanoli kidogo inapovuja nje ya kifuko. Mara chache sauti hubadilika kwa muda. Mwongozo uliotolewa mwaka 2020 na Chama cha Ulaya cha Tezi ya Thairoidi unaitaja njia hii kuwa ya kwanza kuchaguliwa kwa vifuko vya maji visivyo vya saratani vinavyorudi baada ya kunyonywa.

Aina ya pili ni kwa ajili ya vinundu vya nyama, nayo hutumia joto. Wataalamu wa Italia walianza na miale ya leza karibu na mwaka 2000, na Wakorea Kusini wakakuza matumizi ya mawimbi ya redio katika miaka iliyofuata, wakachapisha matokeo yao ya awali mwaka 2006. Daktari hutia ganzi shingoni, huingiza sindano maalumu hadi ndani ya kinundu huku akiitazama kwenye altrasaundi, kisha mkondo wa mawimbi hupasha joto ncha ya sindano na kuzipika seli za kinundu sehemu moja baada ya nyingine. Katika kufanya hivyo huiacha bila kuguswa pembe iliyo jirani na mshipa wa sauti. Mwili huzifyonza taratibu seli zilizokufa. Katika kipindi cha miezi sita hadi mwaka mmoja, kinundu kwa kawaida hupungua kwa nusu au zaidi. Hakuna kovu, na kwa wengi tezi huendelea na kazi yake bila kuhitaji kidonge. Mabadiliko ya sauti hutokea kwa takribani mgonjwa mmoja kati ya mia, na mengi kati ya hayo hupona.

Si kila rovu

Hapa yatupasa kuwa wakweli, kwa kuwa mahali penye tumaini jipya hapakosi wafanyabiashara wa tumaini. Tiba hizi hazimfai kila mtu, na kwa bahati mbaya wengi wa wasiofaa ni wazee wetu wenye rovu la zamani. Rovu kubwa lenye vinundu vingi, lililokunja bomba la hewa au kushuka hadi nyuma ya mfupa wa kifua, bado linahitaji kisu. Uvimbe wenye shaka ya saratani hauchomwi wala haudungwi ethanoli kabla shaka haijaondolewa. Kwa vinundu vya nyama, miongozo hutaka kwa kawaida seli zichunguzwe mara mbili kabla ya kutumia joto. Vinundu vinavyozalisha homoni kupita kiasi mara nyingi hutibiwa vyema zaidi kwa dawa, kwa madini joto yenye mionzi au kwa upasuaji. Tena baadhi ya vinundu vilivyopunguzwa kwa joto huanza kukua upya baada ya miaka kadhaa, hivyo mgonjwa lazima aendelee kufuatiliwa.

Ipo pia njia ya nne ambayo hutajwa kidogo kwa sababu haimtajirishi mtu: kutofanya kitu zaidi ya kuangalia. Kinundu kidogo kilichothibitika kuwa si saratani, kisichobana koo wala kumsumbua mwenyewe, hakihitaji sindano, wala joto, wala kisu. Kinahitaji altrasaundi baada ya muda na mtu wa kumwambia mgonjwa ukweli ili alale usingizi. Atakayekutana na tangazo la dawa ya mitishamba, mafuta ya kupaka au mashine inayoyeyusha kila uvimbe wa shingo bila vipimo, ajue kwamba anauziwa kitu kingine.

Nani atafikiwa?

Tumfikirie mama mmoja wa Manda aliyepata kifuko cha maji shingoni. Kutoka mwambaoni atapanda milima hadi Ludewa mjini, na kutoka hapo hadi Njombe. Akielekezwa Dar es Salaam, atakwenda Makambako, kilomita zipatazo 60 kutoka Njombe, na kutoka hapo apande basi au treni ya TAZARA kwa safari ya zaidi ya kilomita 600. Atahitaji nauli, chakula, mahali pa kulala, na ndugu wa kumsindikiza. Ataacha shamba na wajukuu. Yote hayo kwa ajili ya tiba ambayo, ikiwa ni kifuko cha maji tu, inahitaji altrasaundi, sindano, kiasi kidogo cha ethanoli safi, na daktari aliyefundishwa.

Ndiyo maana twasema kwamba kizuizi kikubwa si bei ya mashine. Sindano za mawimbi ya redio ni ghali kweli, nyingi hutumika mara moja tu na hutoka nje ya nchi. Itachukua muda kabla hazijawa jambo la kawaida kwetu. Lakini altrasaundi imekwisha kuenea katika hospitali zetu. Kinachopungua ni watu: mtoa huduma aliyezoea kuisoma shingo na si mimba peke yake, na mtaalamu wa patholojia wa kuzisoma seli. Wataalamu hao ni wachache nchini na wengi wao wako katika hospitali kubwa za rufaa.

Dalili njema zipo. Tangu mwaka 2018 Muhimbili, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, imekuwa ikifundisha madaktari tiba radiolojia, yaani tiba zinazofanywa kwa sindano na mirija zikiongozwa na picha. Kabla ya hapo fani hiyo haikuwa na mafunzo yake nchini. Mikono inayoweza kuongoza sindano hadi kwenye ini au figo kwa kutazama picha ndiyo mikono inayoweza kujifunza kuiongoza hadi kwenye kinundu cha shingo. Aidha, mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Swali la kuwauliza wanaoitekeleza ni dogo na la wazi: je, kipimo cha homoni za tezi, altrasaundi ya shingo na uchunguzi wa seli vitakuwa ndani ya kitita cha mwananchi wa kawaida, na si cha mtumishi wa mjini pekee? Kwa mikoa ya nyanda hizi hilo si ombi la anasa. Ni deni la historia.

Mkoa wetu nao hauko mikono mitupu. Kuna hospitali za Serikali mkoani na wilayani. Kuna Hospitali ya Consolata Ikonda huko Makete, inayopokea wagonjwa kutoka mikoa mingi. Kuna Lugarawa upande wa Ludewa, na Ilembula ya ndugu zetu Walutheri huko Wanging'ombe. Hospitali hizi zikikubaliana juu ya jambo moja, mengine yatafuata: kwamba kila mwenye uvimbe wa shingo anayefika mlangoni, hata aliyekuja kwa sababu nyingine, aguswe shingo, aulizwe maswali matano, na apewe tarehe ya altrasaundi. Daktari mmoja kutoka kila hospitali akipelekwa kujifunza tiba ya ethanoli, safari ya mama wa Manda itafupika kwa siku kadhaa.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii yanatutaka tuanze hesabu zetu kwa aliye maskini zaidi. Katika suala hili maana yake si ya kinadharia. Wenye uwezo watasafiri hadi Nairobi au India na watarudi bila kovu. Tukilinganisha mafanikio ya tiba kwa hao tu, tutajisifu bure. Msamaria wa Injili hakumpa majeruhi maelezo ya nyumba nzuri ya wageni iliyoko mbali. Alimfunga majeraha palepale njiani kwa mafuta na divai aliyokuwa nayo, kisha akambeba mpaka kwenye nyumba ya wageni na kulipa.

Yaliyo mikononi mwetu

Yapo mambo ambayo hayasubiri bajeti. Katika jumuiya ndogondogo na katika mikutano ya WAWATA, jambo hili litajwe kwa jina lake. Mama mmoja aliyewahi kupimwa akisimama na kueleza kilichotokea huondoa hofu kuliko mabango kumi. Katekista au mwenyekiti wa jumuiya anayeambiwa kwamba uvimbe wa mtu fulani ni kazi ya jirani yake mchawi ana wajibu wa kukataa waziwazi, kwa kuwa uongo huo humchelewesha mgonjwa na kumtia hatarini jirani asiye na hatia.

Chumvi nayo isisahaulike. Upimaji wa miaka iliyofuata umeonyesha kwamba si chumvi yote inayouzwa ina madini joto ya kutosha. Tununue iliyofungwa na yenye maandishi yanayoonyesha kwamba ina madini joto. Tuihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, unyevu na moto. Tuitie katika mboga mwishoni mwa mapishi. Hasa msichana anayetarajia kuwa mama na mama mjamzito wasiikose, kwa kuwa mtoto aliye tumboni hana njia nyingine ya kuyapata madini hayo.

Mwisho, yeye aliye na uvimbe na anayesoma maneno haya, au anayesomewa na mwanawe kwenye simu: dada, mama, shangazi, huo mtandio si aibu, nawe hujafanya kosa lolote. Huenda uvimbe wako ni maji ambayo sindano yatosha kuyaondoa. Huenda ni kinundu cha kuangaliwa tu. Huenda unahitaji kisu, na ni afadhali ukutane nacho mapema kuliko kuchelewa. Hakuna awezaye kukuambia ni kipi kati ya hivyo kwa kukutazama, wala kwa kukuombea bila kukupeleka hospitali. Nenda ukapimwe, na sisi tulio karibu nawe tuchange nauli.